Gari Linalosita Likikanyagiwa Mafuta

Gari linalosita ni lile ambalo dereva akikanyaga mafuta, kasi haipandi papo hapo. Injini hupata kigugumizi, gari hujivuta au hurukaruka kwa nusu sekunde au zaidi, ndipo likubali kwenda. Chanzo chake kiko katika mwendo usiolingana wa vitu viwili. Petroli huungua vizuri ikichanganywa na hewa kwa kipimo: kilo 14.7 hivi za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Kilango cha hewa kikifunguka ghafla, hewa huingia mara moja, lakini sehemu ya petroli hubaki nyuma ikiwa utando mwembamba kwenye kuta za bomba la kuingizia. Ndiyo maana kila injini ina namna ya kuongeza mafuta kidogo wakati huo. Kabureta ina kijipampu chake. Injini ya nozeli huiachia kompyuta kazi hiyo. Gari likisita, ama nyongeza hiyo haikufika, ama imefika ikakosa cheche ya kuiwasha.

Kusita kusichanganywe na uchovu. Kamina, mji mkuu wa mkoa wa Haut-Lomami nchini Kongo tangu 2015, uko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 likilinganishwa na pwani ya Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu kiasi hicho cha nguvu hata ikiwa nzima kabisa. Upungufu huo ni wa saa zote, na hakuna bisibisi itakayoutibu.

Uchunguzi mzuri huanza na vile ambavyo mji wenyewe huviingiza kwenye injini, na cha kwanza ni vumbi. Kiangazi cha eneo hili la Katanga huanza mnamo Mei, na hadi Septemba barabara za udongo za Kamina hutoa vumbi jekundu la kutosha kuziba chujio la hewa mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Chujio hutolewa na kuelekezwa kwenye mwanga; mwanga usipopenya, libadilishwe. Likipulizwa kwa kompresa, upepo utoke ndani kwenda nje na usiwe mkali, kwa sababu karatasi iliyotoboka ni mbaya kuliko iliyochafuka. Vumbi likipita hapo hutua kwenye sensa ya hewa. Ndani yake mna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inayopita huupoza, na kompyuta hupima umeme unaohitajika kuurudishia joto. Waya uliofunikwa na uchafu hupoa kidogo tu, kompyuta hudhani hewa ni haba, nayo hupunguza mafuta. Waya huo husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza. Kitambaa na mswaki huukata.

Cha pili ni mafuta yenyewe. Petroli ya Kamina husafiri mamia ya kilomita, kisha sehemu yake huishia kwenye madumu na chupa za wauzaji wa kando ya barabara, wale ambao katika miji mingi ya Kongo huitwa makadafi. Si wote wenye hila, lakini dumu lililofunguliwa mara nyingi hupata maji na mchanga, na mafuta ya taa ni rahisi kuchanganya. Vipimo viwili vinatosha, mbali na moto. Petroli ikiachwa imetulia kwenye chupa inayoonyesha ndani, maji hushuka chini na mstari wake huonekana. Tone likidondoshwa kwenye karatasi nyeupe, petroli safi hukauka bila alama. Mafuta ya taa huacha doa la mafuta.

Hapo ndipo chujio la petroli hufuata. Likimwagwa kinyume kwenye beseni nyeupe, matope mekundu au chembe za kutu hutoa ushahidi usiopingika. Kwa gari la kabureta, injini ikiwa imezimwa, fundi hutazama koo la kabureta na kusukuma mkono wa kilango: mchirizi wa petroli lazima uruke palepale. Ukichelewa, kijipampu kimechoka. Kwa gari la nozeli hufungwa geji. Mengi huhitaji shinikizo la baa 3 hivi, na mshale ukishuka mafuta yanapokanyagwa, chujio limeziba au pampu imedhoofika.

Plagi, au bujia kama wanavyosema mafundi wa Katanga, hudanganya wengi, kwani injini hunguruma vizuri gari likisimama, kisha husita mlimani. Kadiri mchanganyiko unavyobanwa zaidi ndani ya silinda, ndivyo cheche inavyohitaji volti nyingi kuruka. Pengo la plagi lililopanuka kwa kuchakaa, au koili yenye ufa, hushindwa hapo tu. Usiku, boneti ikiwa wazi, cheche za buluu zinazotoroka kwenye nyaya mbovu huonekana kwa macho, zisiguswe.

Mpira wa hewa wa bomba la kuingizia uliopasuka hujulikana kwa kunyunyiziwa maji ya sabuni injini ikiwa inanguruma: mngurumo ukibadilika, ufa uko hapo. Eksoza iliyoziba nayo hulemea injini, hasa kwenye kasi kubwa. Mashine ya kusoma kompyuta husaidia, ila isomwe kwa akili. Namba P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema mafuta ni machache mno kwa hewa iliyoingia, na sababu inaweza kuwa chujio la petroli la bei ndogo.

Matengenezo yafuate mpangilio huo huo: hewa, mafuta, cheche, kisha sensa. Na pale uchafu ulipokutwa kwenye chujio la petroli, tangi lishushwe na kuoshwa siku hiyo hiyo, kwa sababu chujio jipya kwenye tangi chafu litaziba tena.