Kuchaji betri ya gari bomani bila kudhuru watu wala mifugo



Siku hizi boma lisilo na betri ya gari ni la kutafuta. Kuanzia Lupiro hadi Mlimba, betri ndiyo inayowasha taa ya zizi usiku, kuchaji simu na kuendesha redio. Kiangazi paneli ya sola inaijaza vizuri. Shida huja masika, mawingu yakitanda wiki nzima: betri inafungwa kwenye pikipiki na kupelekwa kijiji chenye umeme. (Umeme wa Kidatu na Kihansi unazalishwa pembezoni mwa bonde letu hili hili, lakini sisi wa mbugani bado tunaufuata kwa pikipiki.) Ndiyo maana kaya nyingi zinanunua chaja zao wenyewe, hasa zile zinazopunguza moto zenyewe betri ikijaa. Ni chombo kizuri. Lakini mimi ni mtu wa mifugo, si fundi umeme, na kilichonifanya niandike ni ndama wawili.

Masika iliyopita niliitwa kwenye boma moja. Ndama mmoja alikuwa amekwisha kufa. Wa pili alikuwa haoni, anasaga meno, anasukuma kichwa kwenye mti na misuli inamtetemeka. Mzee mwenye mifugo alishamdunga OTC mara mbili akidhani ni ndigana imepanda kichwani. Nyuma ya nyumba tukakuta betri iliyopasuliwa, vibamba vyake vimelambwa mpaka vinang'aa. Chaja ilikuwa imeikataa, vijana wakaipasua waone tatizo liko wapi. Wa pili naye alikufa usiku ule.

Ndani ya betri mna madini ya risasi na tindikali. Ng'ombe hulamba risasi kama anavyolamba magadi, na kipande kidogo tu kinatosha kuua ndama. Sindano ya OTC haisaidii kitu hapo. Ukiona dalili hizo, jifunge kwanza usimguse mdomoni kwa mikono mitupu, kwa sababu kichaa cha mbwa nacho hufanana hivyo; kisha ita mtaalamu wa mifugo na umwambie kama kuna betri imetupwa karibu. Nyama ya aliyekufa isiliwe. Maziwa ya ng'ombe waliolamba pamoja naye yasinywewe na mtu, hasa watoto, mpaka mtaalamu aseme, maana risasi hukaa mwilini miezi mingi.

Sasa turudi kwenye chaja, ili betri isife kabla ya wakati wake.

Kwanza soma ubavuni mwa betri. Kama ni ya volti 12, chaja nayo iwekwe kwenye 12. Namba ya Ah igawe kwa 10: betri ya Ah 70 inatosheka na chaja ya ampea 7 hivi. Ikiwa imebaki nusu, itachukua saa 5, na saa moja au mbili za kumalizia. Chaja kubwa sana huichemsha. Ndogo sana italala hapo siku mbili, na hilo halina madhara kama una subira.

Chajia nje penye kivuli, au chini ya paa lisilo na kuta, mbali na zizi. Betri ikichajiwa hutoa hewa inayolipuka, nayo haina harufu wala rangi. Usiiweke ndani mnakolala, wala jikoni, wala karibu na mtu anayevuta sigara. Kama ina vifuniko, vifungue utazame maji. Vibamba vikiwa vimeonekana, ongeza maji safi ya betri yanayouzwa dukani mpaka yavifunike tu. Ukijaza hadi juu yatamwagika yakichemka. Usiongeze tindikali, na maji ya mto au ya kisima yana chumvi, yataiua.

Chaja ikiwa bado imezimwa, funga kibanio chekundu kwenye alama ya +, kisha cheusi kwenye –. Ndipo uwashe. Ukimaliza, zima kwanza, kisha toa cheusi na chekundu. Cheche nyingi zinazolipua betri hutokea mtu anapochomoa vibanio moto ukiwa unapita. Kwa jenereta, iache ingurume ikae sawa kabla ya kuwasha chaja.

Taa ikikataa kuwaka, au ikionyesha kosa, usikimbilie shoka. Mara nyingi ni uchafu: ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri unazuia moto. Vaa glavu, sugua kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, kausha, funga tena. Angalia pia kama vibanio vimegeuzwa. Kama ni safi na bado inakataa, huenda betri imeisha kupita kiasi. Chaja nyingi za kujiendesha haziitambui betri iliyo chini sana, zinadhani hakuna kitu. Fundi mwenye chaja ya kawaida anaweza kuiamsha.

Taa ikisema imejaa baada ya dakika chache, na jioni taa ya zizi inazima upesi, vibamba vimeganda. Hilo ndilo tunalolileta wenyewe kwa kuiacha betri tupu wiki nzima. Na ikichajiwa usiku kucha bila kujaa, pumzisha saa chache kisha pima: nzima iliyojaa husoma 12.6 au zaidi; ikibaki 10.5 hivi, chumba kimoja kati ya sita kimekufa na hakuna chaja itakayokifufua.

Betri ikiwa ya moto mpaka huwezi kuishika, au ikinuka kama yai bovu, zima kwenye soketi, sogea mbali, iache ipoe. Usiichaji tena. Tindikali ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 20 bila kusimama, kisha hospitali.

Betri iliyokufa usiipasue, usiyeyushe risasi yake kwa ajili ya vyavu, na kasha lake usilikate kuwa chombo cha kunyweshea ndama au mbwa. Iweke juu, ndani ya ndoo ya plastiki, watoto na mifugo wasiifikie, na siku ya mnada ipeleke nzima Ifakara. Wauza betri wengi huipokea na kukupunguzia bei ya mpya.