Binti wa Nairobi na Nyasi za Wimbledon

Kwetu Kenya, ndugu msomaji, tenisi ilikuwa mchezo wa vilabu vya wakubwa. Paul Wekesa aliyevuma miaka ya 1980 na 1990 hakupata wengi wa kumfuata. Ndipo akachipuka Angella Okutoyi, aliyezaliwa mwaka 2004, pacha wa Roselida, yatima wa mama waliolelewa na nyanya yao jijini Nairobi.

Julai 2022, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp waliwakabili Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada katika fainali ya wasichana wawili wawili, Wimbledon. Walipigwa seti ya kwanza 3-6, wakajibu 6-4, wakamaliza 11-9. Hiyo 11-9, aijuaye ni mchezaji: roho i mkononi! Hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa taji kama hilo. Machi 2024 akaongeza dhahabu ya Michezo ya Afrika, Accra.

Nilipoyasimulia haya Kalemng'orok, kando ya barabara ya Lodwar, kijana mchungaji alishangaa: "Nyasi zote hizo, mzee, na mbuzi hawaingii?" Tukacheka sana. Kisha akauliza raketi moja ni mbuzi wangapi. Nikapiga hesabu kimoyomoyo, nisimjibu.