Kutoka Riwaya hadi Tawasifu: Mwanafunzi wa Meru na Embu na Hadithi ya Kwao

Utangulizi

Wapo wasomaji ambao wakiifunga riwaya moja huitamani nyingine, na wapo ambao wakiifunga huitafuta kalamu. Hawa wa pili hujiambia kwamba ikiwa maisha ya mhusika wa kubuni yameweza kujaza kitabu kizima, hapana budi maisha yao nayo yana la kusemwa. Hamu hiyo ni njema na fasihi ya Kiswahili ina haja nayo. Hata hivyo, ina mtego wake. Aghalabu anayeanza kuandika maisha yake akiwa ametoka kusoma riwaya huishia kuyaandika maisha ya mhusika wa riwaya hiyo kwa jina lake mwenyewe.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi riwaya inavyoweza kuizaa tawasifu bila ya kuimeza. Mifano inatolewa kwa kumlenga mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka Meru, Tharaka-Nithi au Embu, katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Eneo hili limeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, riwaya nyingi za Kiswahili anazozisoma mwanafunzi huyu zina mandhari ya mbali na kwao. Pili, sehemu kubwa ya historia ya kwao ingali vinywani mwa wazee kuliko vitabuni. Hoja kuu ni kwamba mwandishi wa tawasifu anapaswa kuazima kutoka kwa riwaya jicho la kutazamia, wala si mambo yenyewe yaliyotazamwa.

Riwaya na Tawasifu: Ndugu wa Karibu

Tawasifu ni masimulizi ya kweli ya maisha ya mtu yanayoandikwa na mtu huyo mwenyewe. Inatofautiana na wasifu, ambao mtu huandikiwa na mwingine. Inatofautiana pia na riwaya, kwa kuwa riwaya haimwahidi msomaji kwamba yaliyosimuliwa yalitendeka. Mbinu za usimulizi zaweza kuwa zile zile. Kinachozitenga tanzu hizi mbili ni ahadi anayopewa msomaji.

Ujirani huu ni wa siku nyingi. Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela kilichotoka mwaka wa 1934, kinasimulia habari za watumwa waliokombolewa na kuletwa Frere Town, Mombasa, na baba yake mwandishi alikuwa mmoja wao. Wapo wanaokihesabu kitabu hicho kuwa riwaya na wapo wanaokihesabu kuwa historia. Shaaban Robert, mtunzi wa Kusadikika na Adili na Nduguze, aliyasimulia maisha yake katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, na humo akatia tenzi za kuwausia wanawe. Naye Adam Shafi, aliyeandika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979), alichapisha tawasifu yake, Mbali na Nyumbani, mwaka wa 2013.

Mfano ulio karibu zaidi na mwanafunzi wa Kenya ni wa marehemu Ken Walibora, aliyefariki mwaka wa 2020. Riwaya yake Siku Njema (1996), ambayo ilitahiniwa katika shule za upili nchini, inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza na Kongowea Mswahili. Kongowea ni kijana wa Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarabu, anayefiwa na mamake na kufunga safari hadi Kitale kumtafuta babake. Usimulizi wake una ukaribu kiasi kwamba msomaji asiye mwangalifu anaweza kudhani kuwa anasoma maisha ya Walibora. La hasha. Maisha yake Walibora aliyasimulia katika Nasikia Sauti ya Mama (2014), miaka 18 baada ya riwaya. Vitabu hivi viwili vikiwekwa sambamba, msomaji huona mwandishi mmoja na lugha moja, lakini ahadi mbili tofauti.

Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru aliyefariki mwaka wa 2025, anatupa mfano wa ziada. Katika riwaya yake Weep Not, Child (1964), Njoroge ni mtoto mwenye kiu ya elimu ambaye nduguye yuko msituni na wapiganaji wa Mau Mau. Elimu ya Njoroge inakatizwa, naye anakata tamaa ya kuishi. Katika tawasifu Dreams in a Time of War (2010), iliyotoka miaka 46 baadaye, mtoto mwenye kiu ya elimu ni Ngũgĩ mwenyewe, na kaka yake pia aliingia msituni. Lakini mtoto huyu hakukatiziwa masomo. Alikwenda katika Shule ya Upili ya Alliance mwaka wa 1955. Riwaya ilihitaji ndoto ivunjike ili msiba wa taifa uonekane. Tawasifu haikuwa na ruhusa ya kuivunja ndoto ambayo haikuvunjika.

Mtego wa Mandhari ya Kuazima

Ichukuliwe kwa mfano kwamba mwanafunzi mzaliwa wa Runyenjes, Embu, ametoka kusoma Siku Njema na anataka kuanza tawasifu yake. Anaandika: "Nilizaliwa katika kitongoji kilichopambwa kwa minazi, upepo mwanana wa bahari ukinibembeleza." Sentensi hii ina utamu wa lugha, ila Runyenjes haina bahari wala minazi. Ina mibuni, migomba na mikadamia, na mwezi wa Julai ina baridi na ukungu ambao humfanya mtoto akawie kutoka kitandani. Mwandishi hakukusudia kudanganya. Alidhani tu kwamba hivyo ndivyo Kiswahili kinavyoanza hadithi.

Tatizo hili si la mapambo. Mandhari yakiwa ya kuazima, na mambo yanayotokana nayo huwa ya kuazima. Anayejiweka pwani hatakumbuka foleni ya wakulima kiwandani siku ya kupeleka kahawa. Aliyekulia Mbeere hatasimulia tofauti ya nyanda zao kavu, zenye mtama, kunde na mugukaa, na mashamba ya chai yaliyo juu karibu na msitu. Wala hatauliza kwa nini nyumba ya nyanya yake iliezekwa mabati mwaka fulani na si mwaka mwingine. Huenda jibu ni kwamba baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil mwaka wa 1975, bei ikapanda sana duniani, na kufikia mwaka wa 1977 mkulima mdogo wa Embu na Meru akawa na fedha ambazo hakuwahi kuzishika. Paa moja la mabati linaweza kuifungua sura nzima. Minazi ya kuazima haifungui chochote.

Yanayofaa Kuazimwa

Hii haina maana kwamba riwaya iwekwe kando. Yapo mambo matatu ambayo mwandishi wa tawasifu anaweza kujifunza kwa mtunzi wa riwaya.

La kwanza ni nafsi mbili za msimulizi. Katika masimulizi ya nafsi ya kwanza huwapo mtoto aliyeona na mtu mzima anayesimulia. Mtoto anaona mama akiuza mbuzi pekee wa nyumbani. Mtu mzima anajua kwamba fedha hizo zilikwenda kulipa karo. Mwandishi akimpa mtoto ujuzi wa mtu mzima, msomaji hamwamini. Akimsahau mtu mzima, tukio hukosa maana.

La pili ni kuonyesha tukio badala ya kutoa muhtasari. "Tulikuwa maskini" ni muhtasari ambao kila mtu anaweza kuuandika. "Mwalimu alipotaja majina ya wasiolipa karo, nilisimama kabla ya kutajwa" ni tukio, na aliyelipitia ndiye anayeweza kulijua. Mbinu hii ndiyo inayomfanya msomaji wa riwaya alie, na haina uongo wowote ndani yake ikiwa jambo lenyewe lilitendeka.

La tatu ni uteuzi. Mtunzi wa riwaya hasimulii kila siku ya mhusika wake. Vivyo hivyo, tawasifu si orodha ya shule, mitihani na vyeti. Mwandishi hana budi kujiuliza swali moja ambalo maisha yake yanalijibu, kisha ateue matukio yanayolihusu swali hilo.

Kwa upande mwingine, yapo ya kuachiwa riwaya. Sadfa za kupendeza, adui asiye na chembe ya wema, na mwisho unaofunga kila fundo ni mali ya riwaya. Fauka ya hayo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji: anayejifanya shujaa wa kila sura ataishia kuharibu hata zile sura ambazo kweli alikuwa shujaa.

Kuithibitisha Kumbukumbu

Kumbukumbu ya mtu hupunguza, huongeza na huhamisha miaka. Kwa hivyo tawasifu huhitaji utafiti, hata kama ni ya kijana wa miaka 22. Nyaraka za nyumbani ndizo mahali pa kuanzia: kadi ya ubatizo, hati ya shamba, risiti za chama cha ushirika, ripoti za shule, kipande cha babu, na picha zilizoandikwa tarehe nyuma. Baada ya nyaraka huja wazee, na hapa ndipo pana uzito mkubwa zaidi.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Embu na Meru ziliingia katika misukosuko hiyo pamoja na Ukikuyu, na kuanzia mwaka wa 1954 familia nyingi zilihamishwa kutoka mashamba yao na kutiwa katika vijiji vyenye ulinzi. Mnamo Aprili 1956 baraza la Njuri Ncheke la Meru lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Wasichana wengi walikaidi, wakatiana tohara wenyewe, na wakaitwa Ngaitana, neno la Kimeru lenye maana ya "nitajitahiri." Katika miaka mitatu iliyofuata, zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa kwa kulivunja agizo hilo. Tunayoyajua kwa maandishi kuhusu wasichana hao yametokana kwa kiasi kikubwa na kumbukumbu za serikali na mahakama, na mahojiano ya mwanahistoria Mmarekani Lynn Thomas, aliyechapisha kitabu chake mwaka wa 2003. Msichana aliyekuwa na miaka 12 wakati ule sasa amepita miaka 80. Wengi wao wamekwenda bila ya kuandika hata ukurasa mmoja.

Juhudi za kuyahifadhi masimulizi ya wazee si ngeni. H. S. K. Mwaniki alikusanya historia simulizi ya Embu na Mbeere katika miaka ya 1970, na Ciarunji Chesaina akachapisha kitabu cha fasihi simulizi ya jamii hizo mwaka wa 1997. Kazi hizo zilihifadhi sauti ya jamii. Linalobaki ni sauti ya nyumba moja moja, na hiyo haiwezi kuandikwa na mtafiti kutoka nje. Chuo Kikuu cha Chuka kilipata hati yake mwaka wa 2013 na Chuo Kikuu cha Embu mwaka wa 2016. Mwanafunzi anayesomea huko huku kwao kukiwa karibu anaweza kwenda nyumbani Ijumaa, akamsikiliza nyanya yake, na kurudi Jumapili na daftari lililojaa.

Suala la Lugha

Nyanya huyo atasimulia kwa Kimeru, Kitharaka, Kiembu au Kimbeere. Kuyaandika maneno yake kwa Kiswahili ni kufasiri, na kufasiri kuna maamuzi. Neno gaaru, kwa mfano, lilitaja nyumba walimoishi na kufunzwa vijana wapiganaji wa Kimeru. Kuliita "bweni" ni kulipotosha. Ni heri kuliacha jinsi lilivyo na kuliacha tukio lenyewe lilieleze. Hata hivyo, maneno ya namna hii yasirundikwe hadi msomaji wa Tanga au Bukavu akapotea njia.

Wapo wanaohofia kwamba Kiswahili cha bara hakina ladha ya kuandikia mambo ya moyoni. Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, amekwisha kuujibu wasiwasi huo kwa diwani zake, zikiwamo Mchezo wa Karata (1997) na Bara Jingine (2001). Hakuhitaji kujifanya mtu wa Lamu ili aandike mashairi ya Kiswahili.

Haki za Waliomo

Tawasifu humtaja mwandishi, lakini pia huwataja watu ambao hawakuomba kutajwa. Mtunzi wa riwaya huweza kujitetea kwamba wahusika wake ni wa kubuni. Mwandishi wa tawasifu hana utetezi huo. Yampasa abadilishe majina pale ambapo ukweli unaweza kumdhuru aliye hai, na amweleze msomaji waziwazi kwamba ameyabadilisha. Yampasa pia akumbuke kuwa nyani haoni kundule: kosa la mjomba lisiandikwe kwa kurasa tatu na la mwandishi kwa mstari mmoja.

Hitimisho

Imebainika kwamba riwaya humfaa mwandishi wa tawasifu kwa kumfundisha kuona, kuteua na kuonyesha, na kwamba humdhuru pale inapompa mandhari, maadui na mwisho usio wake. Kwa mwanafunzi wa Meru na Embu jambo hili lina dharura, kwa kuwa mashahidi wa miaka ya 1950 wanapungua kila mwaka, na wanayoyajua hayamo katika riwaya yoyote ya kutahiniwa. Anayetaka kuanza hahitaji kungoja afikishe miaka hamsini. Na aanze na chombo kimoja kilichomo nyumbani kwao, aulize kililetwa na nani, mwaka gani na kwa fedha zipi, kisha aandike jibu lile kama lilivyotamkwa.