Je, Wajua? Kuna Mipaka Ambayo Wingu Halivuki

Ukitua Guangzhou, Gmail na Google Drive hazifunguki kwenye Wi-Fi ya kawaida ya hoteli. China imezizuia; Gmail tangu 2014. Ninamhurumia mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeweka oda zake zote humo: yuko mbele ya muuzaji, kiduara kinazunguka kwenye kioo cha simu, na hana hata picha moja ya mzigo anaoutaka.

Ajabu ni kwamba laini ya nyumbani ikiwa kwenye romingi, mara nyingi zinafunguka! Data hurudishwa kwanza kwa kampuni yako ya simu, ndipo iingie intaneti. Bei yake huuma.

Umeiacha laini nyumbani? Namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS nayo imebaki huko, na nywila pekee haikufikishi popote.

Tena wingu lenyewe, yaani hifadhi ya mtandaoni kama Google Drive, haliko angani. Mafaili yako hupita chini ya bahari. Mei 12, 2024, kebo za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota Tanzania na Kenya. Kwenye kina kirefu, kebo ya aina hiyo hailizidi bomba la kumwagilia bustani kwa unene.