Ukadiriaji wa Uwezo wa Mabomba ya Majitaka katika Eneo la Viwanda na Biashara la Namanve, Uganda

Eneo la Namanve, mashariki mwa Kampala, lina ekari zipatazo 2,200 kandokando ya ardhioevu. Majitaka yakifurika huelekea Ziwa Viktoria. Mabomba husanifiwa kabla wawekezaji hawajajulikana. Ikichukuliwa kwamba wafanyakazi 5,000 watatoa lita 50 kila mmoja kwa siku, wastani ni takribani lita 3 kwa sekunde. Lakini majitaka hayatiririki kwa wastani: wakati wa mapumziko yaweza kufika mara 4, mbali na maji ya mvua yapenyayo maungioni. Bomba pana mno nalo si kinga, kwani mwendo ukishuka chini ya mita 0.6 kwa sekunde, tope hutuama. Kiwanda kimoja cha vinywaji huvuruga hesabu yote. Yafaa kibali cha kila kiwanja kitaje ukomo wa majitaka.