Kuvipima Vipimo: Maabara na Homa ya Bonde la Ufa Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Habaswein, mji wa Wajir Kusini ulio kwenye barabara itokayo Garissa kwenda Wajir, uko jirani na kinamasi cha Lorian, ambako maji ya mto Ewaso Nyiro hutandaa na kuishia ardhini, na kwa hiyo mvua inapopita kiasi wafugaji wa eneo hilo hujikuta, wao na ngamia, mbuzi na kondoo wao, katikati ya mbu wanaoeneza homa ya Bonde la Ufa. Virusi vya ugonjwa huu vilitambuliwa mwaka 1931 kufuatia vifo vya kondoo karibu na Ziwa Naivasha, lakini milipuko ya 1997 hadi 1998 na ya 2006 hadi 2007 iliiumiza zaidi Kaskazini Mashariki, na huu wa pili uliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya. Binadamu huambukizwa kwa kuumwa na mbu au kwa kugusa damu, nyama mbichi na mimba iliyotupwa na mnyama mgonjwa. Wengi wao hupata homa na maumivu ya kichwa na viungo, dalili ambazo hazitofautiani na za malaria au dengue, na ni wachache tu wanaotokwa na damu puani na kwenye fizi, kwa hiyo mganga hawezi kuutambua ugonjwa kwa kumtazama mgonjwa, na maabara ndiyo hutegemewa kutoa jibu.

Jibu hilo hutegemea kwanza siku ambayo damu ilitolewa. Virusi huwamo katika damu kwa siku chache za mwanzo, mara nyingi kwa muda usiozidi wiki moja, na katika siku hizo kipimo kinachofaa ni PCR, ambacho hutafuta RNA, yaani kemikali inayobeba maelezo ya urithi ya virusi, na kuizidisha mara nyingi hadi ionekane. Kadiri mwili unavyojikinga, virusi hutoweka na kingamwili za aina ya IgM hujitokeza na kudumu kwa wiki kadhaa au miezi, zikifuatwa na za aina ya IgG ambazo hukaa kwa miaka. Mgonjwa mmoja, basi, anaweza kupewa majibu mawili yanayopingana bila maabara yoyote kukosea, kwa sababu PCR iliyofanywa siku ya kumi huenda isikute kitu, na IgM iliyotafutwa siku ya pili huenda ikawa bado haijatokea. Katika mlipuko wa Kaunti ya Wajir mwaka 2018, mgonjwa wa kwanza aliripotiwa tarehe 2 Juni, naye alifariki siku hiyohiyo, na Wizara ya Afya ikathibitisha mlipuko tarehe 8 Juni; siku sita hizo zinakaribia kuwa muda wote ambao virusi hukaa katika damu ya mgonjwa, na sampuli inayosafirishwa mbali katika joto la nyanda hizo bila ubaridi wa kutosha inaweza kuharibika hata kabla haijafika maabara.

Wataalamu hukipima kipimo kwa sifa mbili: unyeti, yaani uwezo wa kuwanasa walio wagonjwa kweli, na umahususi, yaani uwezo wa kuwaachia wasio na ugonjwa. Sifa hizi huandikwa kwa asilimia kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi la vitendanishi, lakini jambo la kuuliza kabla ya kuziamini ni damu ya nani iliyotumika kuzipata. Kipimo kilichojaribiwa kwa wagonjwa mahututi upande mmoja, na kwa watu wazima wa afya wa nchi isiyo na ugonjwa huo upande mwingine, kitaonekana bora kuliko kilivyo. Utafiti uliofanywa mwaka 2006 katika wilaya ya Ijara, kabla ya mlipuko wa mwishoni mwa mwaka huo, uliwapima wakazi 248 na kukuta kwamba asilimia 13 walikuwa tayari na IgG, hasa wazee, wanaume, na watu waliowahi kutupa mimba zilizoharibika za mifugo. Mtu wa aina hiyo akiugua malaria leo, kipimo kisichotenganisha IgG na IgM kitamhesabu kuwa mgonjwa wa homa ya Bonde la Ufa, na malaria yake huenda ikakosa tiba.

Hata kipimo kizuri hubadilika thamani kulingana na wingi wa ugonjwa. Tuseme kipimo kina unyeti wa asilimia 95 na umahususi wa asilimia 95, na watu 1,000 wenye homa wanapimwa wakati wa kiangazi, 20 tu kati yao wakiwa na ugonjwa huu. Kitawanasa 19, lakini pia kitawahesabu 49 wasio nao, kwa hiyo kati ya majibu 68 ya kuwa na ugonjwa, chini ya thuluthi moja ndiyo ya kweli. Kipimo hichohicho, kikitumika katikati ya mlipuko ambapo 400 kati ya 1,000 wameambukizwa, kitatoa majibu 410 ya namna hiyo, na 380 kati yake yatakuwa ya kweli. Hapo ndipo maarifa ya wafugaji Wasomali yanapoisaidia maabara, kwani mvua isiyo ya kawaida, mbu wengi kupita kiasi na mifugo inayotupa mimba kwa wingi ni habari zinazobadilisha hesabu hii kabla hata sindano haijachoma mshipa, na fomu ya sampuli isiyokuwa na nafasi ya kuziandika ina upungufu mkubwa.

Katika mlipuko wa 2006 hadi 2007 PCR ilifanyiwa tathmini nyanjani kwa lengo jingine: kubaini mapema ni nani aliye katika hatari ya kufa. Mashine huhesabu mizunguko inayohitajika hadi RNA ionekane, na mizunguko ikiwa michache, virusi ni vingi. Kati ya wagonjwa 52 waliochunguzwa hivyo, waliokuwa chini ya mizunguko 27 nusu yao walifariki, ilhali waliofikia 27 au zaidi walifariki asilimia 4.5 tu. Kizingiti hicho kilikuwa na unyeti wa asilimia 93.8 na umahususi wa asilimia 58. Umahususi huo ungekifanya kipimo cha utambuzi kikataliwe, lakini kwa kazi ya kuamua nani alazwe karibu na wauguzi ulikubalika kwa haki, kwa sababu kumwangalia kwa makini mgonjwa ambaye angepona hata hivyo ni gharama ya kitanda na muda, ilhali kumrudisha nyumbani yule ambaye damu yake imejaa virusi ni kumnyima nafasi ya kuokolewa.