Mzigo wavuka mpaka, kadi ya matibabu yabaki nyumbani

Mama anayenunua vitunguu Karatu na kuviuza Nairobi anaujua vizuri utaratibu wa Namanga. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na umo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha uasili palepale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha.

Lori nalo lina bima yake. Kadi ya Njano ya COMESA hutambuliwa ng'ambo ya mpaka, na Tanzania, ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000, ilibaki katika mpango huo. Ajali ikitokea, kadi hiyo hugharamia hata matibabu ya dereva na abiria.

Lakini mama huyo akishuka salama, kisha usiku akashikwa na homa kali, hana pa kuegemea. Kadi yake ya bima ya afya ni ya vituo vilivyofunga mkataba na mfuko wa nchi yake. Hospitali ya nchi jirani itamdai fedha taslimu, naye atatoa zile alizouzia vitunguu. Siku tatu za kulazwa zinaweza kumaliza mtaji wa miezi mingi.

Chanzo cha hali hii si mpaka peke yake. Kila serikali bado inavutana na wananchi wake juu ya swali moja: asiye na mshahara achangie vipi?

Kenya ilipitisha sheria mpya ya bima ya afya ya jamii mwaka 2023, na mfuko wake ukaanza kazi Oktoba 1, 2024 baada ya kesi ndefu mahakamani. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Anayepata shilingi 100,000, ambaye zamani alikatwa 1,700, sasa hukatwa 2,750. Mfanyabiashara mdogo hana karatasi ya mshahara, hivyo kipato chake hukadiriwa kwa maswali kuhusu kaya yake. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini ametakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa anayezungusha mtaji kila wiki, hilo ni gumu kuliko kiasi chenyewe.

Tanzania ilikwama mwaka 2022. Muswada wa bima ya afya kwa wote ulirudishwa nyuma kwa sababu haikuwa wazi nani angewalipia wasio na uwezo. Ulipopita mwishoni mwa 2023, sehemu ya jibu ilikuwa kodi za bidhaa kama soda, pombe na vipodozi. Hizo ni bidhaa za dukani, kwa hiyo mchuuzi huchangia hata kabla hajakata bima.

Bei nayo ni siasa. Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania ulipoanza kutumia kitita kipya cha bei, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wake zikisema malipo hayatoshi. Mfuko na hospitali walikuwa wakibishana, huku mgonjwa mwenye kadi halali akirudishwa mlangoni.

Uganda ilifuta ada katika vituo vya serikali mwaka 2001, mwaka wa uchaguzi mkuu. Bunge lake lilipitisha muswada wa bima ya taifa Machi 2021, lakini haukutiwa saini. Dawa zikikosekana kituoni, mgonjwa huzinunua mwenyewe duka la dawa.

Rwanda imefika mbali zaidi. Bima yake ya jamii, mutuelle, ina zaidi ya asilimia 80 ya wananchi, na mwanachama akitibiwa hospitali hulipa asilimia 10 ya gharama. Hata hivyo, mkataba wake na vituo unaishia Rusumo na Gatuna kama mingine.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza Julai 2010, imeruhusu watu, bidhaa na huduma kuvuka. Kadi ya Njano imeonyesha kwamba mifuko ya nchi mbalimbali inaweza kulipana madai bila kila nchi kubadili sheria zake zote. Kinachokosekana ni makubaliano ya aina hiyo kwa ugonjwa wa dharura, hata kama ni kwa siku chache tu na kwa vituo vya miji ya mpakani.

Vyama vya wafanyabiashara wa Namanga, Busia, Malaba na Mutukula vilipaza sauti miaka mingi kuhusu ushuru na vizuizi vya barabarani, na vilisikilizwa. Matibabu bado hayajapata nafasi hiyo katika madai yao. Mpaka siku hiyo ifike, anayevuka na mzigo inambidi aulize mfuko wake mapema kadi yake inaishia wapi, na atenge fedha za dharura ambazo hazitaguswa kununua bidhaa.